Giaboksi imekufa? Tafuta kwanza kilichoiua

Machi 2022, asubuhi ya mvua pale Nyashimo, niliweka gia kwenye D, nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma na Probox yangu ikabaki palepale. Nikarudisha R, ikashtuka kidogo, ikatulia. Ndani nilikuwa na magunia mawili ya mpunga na abiria watatu wa Bariadi. Niliwarudishia nauli zao, wakapanda gari jingine, nami nikabaki na swali ambalo tangu siku ile madereva wenzangu wa Nassa na Lamadi wananiuliza kila mara: nitengeneze giaboksi au ninunue nyingine?

Mara ya kwanza niliamua vibaya, na uamuzi ule ulinilia giaboksi nyingine. Kununua hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kununua kabla sijajua ya kwanza imekufa kwa nini.

Siku tatu kabla ya asubuhi ile ya Nyashimo nilikuwa nimekwama njia ya Badugu. Anayezijua mbuga za huku anaelewa: udongo mweusi ukishiba mvua hushika tairi kama gundi. Nilipiga D, R, D, R karibu nusu saa, tairi zinazunguka na gari halisogei. Kwa gari la otomatiki hayo ni mateso, kwa sababu oili huchemka na pleti za klachi zilizo ndani huungua. Basi giaboksi ilipokufa nililaumu tope, na fundi akakubaliana nami. Alichomoa stiki ya kupimia oili, akaitazama, akasema, "Oili imechoka, bosi, na pleti zimeisha. Weka nyingine." Oili ile ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliiona kwa macho yangu na sikuuliza chochote.

Nikaagiza ya mtumba kutoka Dar, laki nane, ikaja ndani ya buti la basi. Ikafungwa kwa siku mbili. Niliendesha kwa raha wiki tano, halafu Mei, msimu wa pamba ndio kwanza unafunguliwa na kila mtu anataka usafiri, ikaanza kuteleza. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki.

Safari hii nilikwenda kwa mzee mmoja fundi pale Bariadi. Hakugusa stiki kwanza. Alisubiri injini ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, akaingiza kidole na kukitoa kimepakaa utelezi wa rangi ya waridi, mzito kama mtindi. "Mwanangu, tatizo lako liko huku mbele," akasema. Akaifungua rejeta, akaziba bomba moja la oili ya giaboksi, lile la pili akalipulizia upepo wa kujazia tairi, rejeta yote ikiwa imezamishwa kwenye nusu pipa la maji. Mapovu yakaanza kutoka kwenye mdomo wa maji. Moja, mawili, kisha mfululizo. Nilichuchumaa pale nikiyatazama, nikiwaza laki nane zangu.

Nieleze, maana magari mengi tunayoendesha yako hivyo. Oili ya giaboksi ya otomatiki hupozwa na kibomba kilichofichwa ndani ya rejeta, na maji yanapita nje yake. Tukijaza rejeta maji ya kisima au ya ziwani mwaka hadi mwaka, bila kulenti, kutu hula ukuta ule mwembamba. Ukitoboka, maji huingia kwenye oili na oili huingia kwenye maji. Pleti za klachi zina utando unaofanana na karatasi ngumu uliobandikwa juu ya chuma, na utando huo ukinywa maji hubanduka. Rejeta yangu iliua giaboksi ya kwanza, ikapewa ya pili, ikaiua nayo. Tope la Badugu nililisingizia.

Kwa hiyo, kabla hujazungumza bei na mtu yeyote, soma oili. Washa gari lipate moto, simama mahali tambarare, pitisha mkono wa gia taratibu kuanzia P hadi chini na urudi P, kisha pima injini ikiwa inaunguruma. Dondoshea matone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu safi ni uzima. Kahawia bila harufu ni uzee. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake pleti zimeungua. Rangi ya maziwa ni maji, na hapo ukague rejeta siku hiyohiyo. Ukiwahi kabla gari halijaanza kuteleza, kubadilisha rejeta na kumwaga oili mara kadhaa kunaweza kuiokoa giaboksi. Kama oili imepungua tu, tafuta sili inayovuja. Nimeona watu wakiambiwa wanunue giaboksi kumbe wamepungukiwa lita moja ya oili.

Kisha fungua sampu ya giaboksi. Kwenye Toyota nyingi utakuta sumaku ndogo chini yake. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, hivyo ni beringi au meno ya gia yanayokatika. Mimi hapo ndipo ninapoweka mpaka. Sili, waya, solenoidi, mauntini iliyokatika, kebo ya mkono wa gia iliyolegea: tengeneza, usisikilize maneno ya kununua. Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, pima kwanza kwa mashine, mara nyingi ni kosa la umeme. Pleti zimeungua lakini chuma ni kizima: kufungua na kuweka pleti na sili mpya kuna maana, ukimpata fundi aliyekwisha kufungua za aina hiyo na zikarudi barabarani. Chuma kimekatika au ganda limepasuka: nunua nyingine.

Kwa gari la manyuo, yaani la gia za mkono, mambo ni mepesi zaidi. Gari likizidiwa mlimani na mzigo, injini ikipaa bila mwendo, kwa kawaida ni sahani ya klachi, wala usishushe mzigo wote wa lawama kwenye giaboksi. Beringi inayolia, au gia moja inayokwaruza, hutengenezeka, na spea zake zipo Mwanza.

CVT ni jambo jingine kabisa. Probox za kuanzia 2014 zinazo. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na puli ikishachubuka mimi sijamwona fundi wa huku akairudisha. Hapo nunua nyingine. Na usikubali mtu akumiminie oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT, inahitaji ya kwake. Kuijua, tazama bati la namba za gari, sehemu ya TRANS/AXLE: kwenye Toyota, namba inayoanza na K ni CVT, zinazoanza na A au U ni otomatiki ya kawaida.

Namba hiyohiyo ndiyo unayompa muuzaji. Mitumba mingi hutoka Japani, mingine hupitia Sharjah, na hatimaye huonekana Gerezani pale Dar, au Kirinyaga Road kule Nairobi, au Kisekka pale Kampala. Popote unaponunua, nusa oili iliyobaki ndani, kagua masikio ya bolti kama hayajavunjika, hakikisha plagi za waya hazikukatwa kwa kisu, na udai ije na toki kanveta yake, kile kiungo kinachokaa kati ya giaboksi na injini. Siku za majaribio ziandikwe kwenye risiti, zihesabiwe kuanzia siku ya kufunga, si siku ya kununua.

Wakati wa kufunga, simama karibu. Toki kanveta lazima iingie hadi mwisho kwenye pampu kabla giaboksi haijakutana na injini. Ikiwa imekaa sawa, mtaona nafasi ndogo kati yake na sahani ya injini, na mtaisogeza kwa mkono kuja kwenye bolti. Fundi akianza kuivuta giaboksi kwa kukaza bolti, mzuie hapohapo, pampu itavunjika.

Mimi mara ya pili nilitengeneza. Chuma kilikuwa kizima, ndiyo sababu. Nilinunua rejeta mpya, pleti na sili, toki kanveta ya mtumba kwa kuwa ile yenye maji haisafishiki ndani, tukapuliza mabomba yote ya oili. Jumla ilipita kidogo bei ya giaboksi nyingine ya mtumba, na gari lililala siku kumi na moja huku wenzangu wakibeba abiria wa msimu. Uchungu wa siku zile naukumbuka, lakini nilijua kila kilichokuwa ndani.

Kama gari limekufia njiani, usilivute kwa kamba kutoka Lamadi hadi Bariadi magurudumu ya mbele yakizunguka chini. Kwenye otomatiki inayovuta mbele, injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi na giaboksi inazunguka kavu. Nyanyua mbele, au lipandishe kwenye lori.

Na likishapona, mwaga oili tena baada ya kilomita 1,000. Kumwaga mara moja hutoa chini ya nusu, nyingine hubaki ndani ya toki kanveta. Ile ya kwangu, kwenye kopo la plastiki chini ya mwembe, ilitoka nyekundu.