MSWAKI SI PAMBO LA MFUKONI

Katika Sunna ambazo sisi Waislamu wa pwani twazijua kwa jina na kuziacha kwa vitendo, mojawapo ni mswaki. Utamwona mtu ameuchomeka mfukoni mwa kanzu tangu Ijumaa hii hata Ijumaa ya pili, na ufizi wake watoka damu. Je, mswaki huo wamfaa nini?

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake mashakani, Mtume (S.A.W.) angeliwaamrisha wapige mswaki kwa kila Sala. Hata katika saa zake za mwisho, alipomwona Abdurrahman bin Abubakar ana mswaki mkononi, aliutazama kwa kuutaka, Bibi Aisha (R.A.) akautafuna ukalainika, akampa. Jambo lililoshughulikiwa katika saa kama ile si dogo.

Hekima yake tuizingatie. Meno yasiposafishwa hufanya utando, na ndani yake huishi viini visivyoonekana kwa macho. Viini hivyo hula sukari ya halua na chai yetu, vikatoa asidi inayotoboa jino. Basi yule "mdudu wa jino" anayefukizwa si mdudu, ni matokeo ya uchafu. Na utando ukikaa ukingoni mwa ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu.

Hatusemi kuwa kila maradhi hutoka kinywani. Lakini madaktari wametuonya kwa mambo matatu. Kwanza, mwenye kisukari hupatwa upesi na maradhi ya ufizi, na ufizi mgonjwa humzidishia uzito wa kuituliza sukari yake. Pili, viini vya kinywa huweza kuingia damuni, na mtu ambaye vali za moyo wake zina kasoro huweza kupatwa na uambukizo wa moyo wenye kuua. Tatu, mzee aliyelazwa kitandani huweza kuvuta mate machafu mapafuni, akapata homa ya mapafu. Wangapi kati yetu humwogesha mzazi wao mgonjwa, wala hawamsafishi kinywa?

Wako wasemao: "Tumefunga." Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, karaha ya mswaki kwa mfungaji ni baada ya jua kupinduka mpaka kuchwa. Asubuhi yote na usiku wote njia i wazi. Udhuru uko wapi?

Basi mwenye mswaki na akate ncha iliyochakaa, asugue kila jino, ndani na nje, hasa kabla ya kulala. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mti huu mwaka 1986 kwa watu walio na desturi yake. Asiyekuwa nao atumie burashi na dawa yenye floridi, kwani wanazuoni wetu wamesema Sunna hupatikana kwa kila kitu kikwaruzacho chenye kuondoa uchafu. Na ufizi utokao damu siku baada ya siku upelekwe kwa daktari wa meno, usifungiwe hirizi.

Ndugu zetu, mwili ni amana. Tuanze usiku huu, sisi na watoto wetu na wazee wetu.

Wa billahi tawfiq.