Ukinunua Duka, Unanunua Nini?

Wako wenzetu vijijini waliovuna vizuri au waliouza ng'ombe, wakaweka akiba. Sasa wanataka kufanya biashara Kariakoo, Dar es Salaam. Kuanzisha duka jipya ni kazi ndefu. Basi wanaona afadhali wanunue duka ambalo tayari linauza. Wazo hili siyo baya. Lakini akiba ya miaka kumi inaweza kupotea kwa siku moja. Leo tutajifunza mambo ambayo mnunuzi mwenye akili huyatazama kabla ya kutoa fedha yake.

Kariakoo na kilemba

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko lake kuu lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, nalo lilifunguliwa mwaka 1975. Wafanyabiashara wa mikoani na wa nchi jirani huja hapa kununua mali ya jumla. Kwa hiyo nafasi ni ghali.

Chumba cha duka huitwa fremu. Anayeondoka humwachia mwingine fremu kwa fedha iitwayo kilemba. Tusichanganye mambo. Pango ni kodi ya mwenye nyumba. Kilemba ni fedha ya kuachiwa nafasi.

Kisa cha mwenzetu

Tunamfahamu mwanakisomo mmoja aliyelipa kilemba akakabidhiwa funguo. Baada ya wiki mbili mwenye nyumba akafika kudai pango la mwaka mzima. Mkataba wa zamani ulikuwa umebakiza mwezi mmoja tu! Tarehe ilikuwa imeandikwa, tena kwa Kiswahili. Tulimwuliza, "Ndugu, hukuisoma karatasi?" Akajibu, "Niliona haya kusoma polepole mbele ya watu." Akatia sahihi bila kusoma. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mambo matano ya kutazama

1. Mwenye nyumba. Anayeuza duka mara nyingi ni mpangaji tu. Pengine ni mpangaji wa mpangaji. Mjini kati yako pia majengo ya Shirika la Nyumba la Taifa. Humo mpangaji hana ruhusa ya kumpangisha mwingine kwa siri. Na kizimba cha sokoni ni cha soko, siyo cha anayekitumia. Basi mwone mwenye mali mwenyewe, au ofisi yake. Usitosheke na maneno ya dalali. Uliza: Mkataba unakwisha lini? Je, atakubali kukuandikia mkataba kwa jina lako? Kwa pango gani?

2. Mauzo. Mwuzaji atakwambia, "Hapa pesa inaingia kama maji." Mwambie akuonyeshe daftari, risiti za mashine na malipo ya simu ya miezi kadhaa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha omba ukae dukani wiki moja. Hesabu wateja wewe mwenyewe. Chunguza pia wanakuja kwa sababu gani. Kama wanamfuata mwenyewe kwa urafiki, akiondoka wataondoka naye.

3. Mali na madeni. Rafu iliyojaa siyo utajiri. Shusha mali, futa vumbi, hesabu. Ipo mali inayotoka kila siku, na ipo iliyolala tangu mwaka juzi. Uliza pia kama kuna mali kauli, yaani mali iliyochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Mwenye mali hiyo atakuja kuidai dukani, naye atakukuta wewe.

4. Serikali. Tazama jina lililo kwenye leseni. Namba ya mlipa kodi, yaani TIN, ya mtu binafsi ni yake mwenyewe. Haiuzwi pamoja na rafu. Mashine ya risiti nayo imesajiliwa kwa namba hiyo. Kabla ya kulipa, nenda na mwuzaji Mamlaka ya Mapato mkaulize kama anadaiwa kodi. Halafu uliza ofisi ya biashara ya Jiji namna ya kupata leseni yako.

5. Jengo lenyewe. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua usiku. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapo Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Basi inua macho utazame nyufa na nyaya za umeme. Uliza kama kuna watu wanachimba au kuongeza ghorofa.

Hebu tupige hesabu

Hesabu hii ni ya mfano tu. Tuseme duka linauza shilingi 300,000 kwa siku. Mali hiyo ilinunuliwa kwa shilingi 255,000. Zinabaki 45,000. Kwa siku 26 za mwezi tunapata 1,170,000. Sasa tutoe matumizi ya mwezi:

Pango: 500,000
Mshahara wa msaidizi: 200,000
Umeme, ulinzi na usafi: 70,000
Kodi na ushuru: 100,000
Jumla: 870,000

Faida ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwuzaji anataka kilemba cha shilingi 6,000,000. Gawanya kwa 300,000. Utaona kwamba fedha yako itarudi baada ya miezi 20. Lakini mkataba umebakiza miezi 8! Katika miezi hiyo utapata 2,400,000 tu. Mwenye nyumba akikataa kukupa mkataba mpya, umepoteza 3,600,000. Ng'ombe wamekwenda.

Tukumbuke

Rafu, feni na kufuli unaweza kununua popote. Katika duka linalouza, kitu cha thamani ni kile kitakachobaki mwuzaji akishaondoka: mkataba, wateja na jina zuri. Kama hivyo havibaki, umenunua mbao.

Na sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tusione haya. Karatasi ikiletwa, sema, "Naomba nikaisome nyumbani." Isome polepole, hata mara tatu, ukiweka kidole kwenye tarehe na kwenye fedha. Penye neno gumu, mwulize mwanasheria au mwalimu wako. Mwuzaji wa kweli atakungoja. Anayekuharakisha ana sababu yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Kilemba na pango vina tofauti gani?
2. Kwa nini tumwone mwenye nyumba kabla ya kulipa?
3. Katika hesabu yetu, kama mkataba ungebakiza miezi 24, je, mnunuzi angepata faida? Kiasi gani?
4. Kama wewe ndiye unayeuza duka lako la kijijini, mnunuzi angetaka kuona karatasi zipi? Je, unazo?