Pikipiki Kuukuu Inapokwenda kwa Kusitasita: Somo la Kutafuta Kiini cha Hitilafu

Nyangoto ni kijiji cha wilaya ya Tarime, mkoani Mara, karibu na mto Mara ambao hutoka katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya na kuishia Ziwa Viktoria. Katika sehemu kama hiyo pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo impelekayo mgonjwa hospitalini, bwana shamba kwa wakulima na mwalimu shuleni. Injini ikianza kushika na kuachia njiani, safari huweza kukatika mahali pasipo na fundi wala duka la vipuri.

Hali hiyo mafundi huieleza kwa kusema kwamba injini "inamisi". Aghalabu mwenye chombo hubadili plagi, halafu koili, halafu kabureta nzima, na hitilafu ikabaki pale pale. Fedha zimekwisha na kiini hakijajulikana. Makala haya yanaonyesha jinsi fizikia na kemia ya shule ya sekondari zinavyoweza kumwongoza mtu kwenye kiini hicho bila kubahatisha.

MAHITAJI YA INJINI

Mfano unaofaa ni Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni haba. Ina silinda moja ya mapigo manne, na valvu zake husukumwa na fito badala ya mnyororo. Umbo la injini hiyo limeigwa mno, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea Afrika Mashariki ni za ukoo wake.

Katika injini ya mapigo manne mwako hutokea mara moja katika kila mizunguko miwili. Basi injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, miako ni 2,000 kwa dakika, yaani kama 33 kwa sekunde. Kila mmoja huhitaji mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Jambo moja likipungua mara chache tu katika sekunde, mwendo hupoteza ulinganifu.

Vipimo vyenyewe ni vidogo sana. Ili petroli iungue yote huhitaji hewa yenye uzito wa mara 14.7 hivi ya uzito wake. Silinda ya sentimeta za ujazo 124 ikijaa hewa kabisa katika kimo cha Ziwa Viktoria, hewa hiyo ina uzito wa gramu 0.13 hivi, na petroli inayolingana nayo ni miligramu 9 tu. Ni dhahiri kwamba punje ya vumbi katika tundu la jeti yatosha kuharibu kipimo.

DALILI HUSEMA NINI

Kabla ya kushika spana, mchunguzi hana budi kujiuliza: injini inasitasita wakati gani?

(a) Ikisitasita inapopumzika lakini ikatulia katika mwendo wa kasi, shaka ya kwanza ni jeti ndogo ya kabureta kuziba, au hewa kupenya kwenye gasketi baina ya kabureta na silinda. Katika mwendo wa kupumzika hewa inayoingia ni kidogo, hivyo hata upenyo mdogo huleta tofauti kubwa.

(b) Ikipumzika vizuri lakini ikasitasita inapopanda mlima, huenda petroli haifiki ya kutosha, au cheche ni dhaifu. Mkono wa mafuta ukifunguliwa sana, silinda hujaa zaidi na shinikizo ndani yake hupanda. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo volti zinavyohitajika nyingi zaidi ili cheche iruke. Kwa sababu hiyo plagi iliyofunguliwa na kutoa cheche hewani haijathibitisha kwamba itatoa cheche ndani ya silinda.

(c) Ikienda vizuri ingali baridi na kuharibika ikipata moto, sehemu za kushukiwa ni koili, kondensa, na valvu zilizobana mno.

Plagi nayo ni shahidi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huonyesha petroli kuzidi au cheche kuwa dhaifu. Weupe huonyesha hewa kuzidi au joto kupita kiasi. Umajimaji wa oili hudokeza kwamba ringi za pistoni au miongozo ya valvu imelika.

MFUMO WA CHECHE

Pikipiki nyingi za zamani hutumia pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vinapoachana, mkondo wa umeme katika koili hukatika ghafla, na badiliko hilo la ghafla la nguvu ya sumaku ndilo linalozaa volti maelfu kadhaa. Kondensa hupokea umeme ambao ungeruka kati ya pointi. Kondensa ikifa, mkondo hukatika polepole, cheche hufifia, na pointi huungua haraka. Kubadili pointi peke yake hapo ni kutibu dalili na kuacha ugonjwa.

Katika nyingi za pikipiki hizo nafasi ya pointi huwa milimeta 0.3 hadi 0.4, na ya plagi milimeta 0.6 hadi 0.7. Hata hivyo kitabu cha mtambo wenyewe ndicho cha kufuata. Nafasi ya pointi ikibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika.

PETROLI NA HEWA

Uso wa Ziwa Viktoria uko meta 1,134 juu ya bahari. Kwa kuwa mto Mara huteremka kuelekea ziwani, Nyangoto iko juu zaidi ya hapo. Katika kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya nane likilinganishwa na pwani. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam hutoa petroli iliyozidi kidogo ikifika huko. Chujio la hewa likizibwa na vumbi la barabara, ziada hiyo huongezeka, na plagi huvaa masizi.

Petroli yenyewe nayo ichunguzwe. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya tangi na katika bakuli la kabureta. Mafuta ya taa nayo hugeuka mvuke kwa shida na hugonga kwa urahisi ndani ya injini. Udanganyifu wa kuyachanganya ulienea kiasi cha kuifanya EWURA ianze kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Jaribio jepesi ni kudondosha tone kwenye karatasi safi, nje na mbali na moto. Petroli safi hutoweka upesi, lakini iliyochanganywa huacha doa la mafuta.

VALVU

Wengi hudhani kwamba nafasi ya tapeti huongezeka tu kwa kulika. Sivyo daima. Kiti cha valvu kikilika, valvu huzama na nafasi hupungua. Risasi iliyokuwamo katika petroli ya zamani ilikinga viti hivyo, lakini karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Valvu isiyofunga barabara hupoteza mgandamizo, na huungua. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu mwishoni mwa pigo la mgandamizo.

MFANO WA UCHUNGUZI

Pikipiki huanza vizuri, lakini baada ya kilometa mbili hivi za kupanda husitasita na kuzimika. Ikipumzika dakika tano huwaka tena. Dhana ni mbili. Ya kwanza: kitundu cha hewa katika mfuniko wa tangi kimeziba, hivyo utupu unazuia petroli kushuka. Ya pili: koili inashindwa kwa joto. Zote zinaeleza kupona baada ya mapumziko, kwa maana hewa hupenya polepole tangini na koili nayo hupoa.

Jaribio la kuzitenganisha ni rahisi. Mara injini inaposhindwa, mfuniko hufunguliwa kwa muda mfupi. Ikipata nguvu mara moja, kosa ni kitundu, na dawa yake ni waya mwembamba. Isipopona, bakuli la kabureta hukaguliwa injini ikiwa imezimwa na kupoa kiasi cha kutohatarisha. Likiwa limejaa petroli safi, uchunguzi huhamia kwenye umeme.

Kanuni ni hii: badilisha jambo moja tu, jaribu, andika matokeo, kisha ndipo uendelee. Mtu aliyebadili mambo matatu kwa pamoja, hata injini ikipona, hajui ni lipi lililoiponya. Safari ijayo ataanza upya.

TAHADHARI. Usiwashe injini katika chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Usinyonye petroli kwa mdomo. Usijaribu cheche penye petroli iliyomwagika.

MASWALI

1. Injini ya mapigo manne yenye silinda moja huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Mwako mmoja ukikosekana katika kila kumi, ni miako mingapi hupotea kwa dakika?

2. Eleza kwa nini upenyo wa hewa kwenye gasketi hudhuru zaidi injini inapopumzika kuliko inapokwenda kasi.

3. Pikipiki inapumzika vizuri, ina masizi katika plagi, na husitasita ikipanda mlima. Taja dhana mbili, na jaribio moja la kuzitenganisha.