SOMO: Kompyuta Mama na Watoto Wake

Ndugu wanakikundi, hapa Vitengeni tukipewa kompyuta kuukuu zisizo na diski, tusikimbilie kuchanga pesa za diski. Yatosha moja iliyo nzima, iwe mama. Mtoto akiwashwa, kadi yake ya mtandao humwomba mama anwani, kisha hupokea programu ya kuanzia. Utaratibu huu huitwa PXE. Intel ilitoa toleo la 2.1 mwaka 1999.

Lakini tuangalie njia. Waya wa Ethernet unafaa. Mtandao usio na waya kwa kawaida haufai, maana mtoto hajui kuunganika kabla hajapata programu. Kadi isiyojua kuomba husaidiwa kwa flashi yenye iPXE. Na mama akizimika, watoto wote hukwama.

Jadilianeni: Nani atakagua kadi kabla hatujapokea? Tununue waya mita ngapi?