Tembo wa Babar

Jean de Brunhoff alikuwa fundi wa kuchora picha, katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa. Mwaka 1930 mtoto wake Mathieu aliumwa na tumbo. Mama yake, Cécile, akamtuliza kwa hadithi: mwindaji aliua tembo, na mtoto wa tembo akakimbilia mjini. Kesho yake Mathieu na mkubwa wake Laurent wakamsimulia baba. Baba akaanza kuchora. Tembo akaitwa Babar. Kitabu kikatoka mwaka 1931. Mama akakataa jina lake lisiandikwe, ingawa hadithi ilitoka kinywani mwake.

Miaka ile baba alishikwa na kifua kikuu, lakini hakuacha kazi. Alitunga vitabu 7 vya picha. Mwaka 1937 akafa, umri wake miaka 37. Katika vitabu viwili vya mwisho, picha zilikuwa hazijapakwa rangi zote. Laurent, aliyefiwa na baba akiwa na miaka 12, akasaidia kuzipaka.

Kisha akajizoeza kuchora Babar kama baba yake. Mwaka 1946 akatoa kitabu chake mwenyewe. Wasomaji wengi hawakutambua kwamba mchoraji ni mwingine. Laurent alichora Babar hata uzeeni. Alikufa mwaka 2024, umri wake miaka 98.