Kijana Analala Sana, au Halali vya Kutosha?

Ukitaka kuanzisha ugomvi kwenye nyumba yenye kijana wa sekondari, uliza tu: "Mbona fulani bado amelala?" Baba atasema vijana wa siku hizi wavivu. Mama atasema ni simu. Bibi atasema mtoto anakua, mwacheni. Kijana mwenyewe, chini ya shuka, atasema hajalala hata kidogo. Kwa sisi tunaosoma Elimu swali ni hili: nani yuko sahihi?

Tuanze na kipimo. Mwaka 2016 American Academy of Sleep Medicine, chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, kilishauri mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale masaa 8 hadi 10 kwa siku. Mtu mzima yanamtosha 7 na kuendelea. Kwa hiyo mzazi anayempima mwanawe kwa usingizi wake mwenyewe anatumia kipimo kisicho chake.

Sasa tupige hesabu. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Anaamka saa 11 alfajiri awahi daladala, maana makondakta wengi hawana hamu na nauli ya mwanafunzi. Anarudi saa 11 jioni. Anasaidia kupika, tunakula, anaosha vyombo, ndipo anafungua daftari. Anapanda kitandani saa 5 usiku. Hayo ni masaa 6. Kila siku ya shule anapungukiwa masaa 2 kwa uchache, kufika Ijumaa deni ni masaa 10. Jumamosi akilala mpaka saa 4 asubuhi, baba anagonga mlango: "Wewe binti, nani atakuoa kwa uvivu huu?" Mimi humwambia, "Baba, huyo analipa deni." Naye hunijibu, "Sisi tulitembea kwa miguu kwenda shule, na hatukufa."

Kwa nini basi asilale mapema? Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Wakati wa balehe homoni hiyo huchelewa, kwa wengine hata masaa 2 kuliko walipokuwa wadogo. Ukimlazimisha alale saa 3 usiku, atakodolea dari macho. Huo si ukaidi.

Lakini wazazi nao wana hoja. Mwanga wa simu unaichelewesha melatonini zaidi, na kuchati hakuna mwisho. Tena kulala mpaka saa 4 asubuhi Jumamosi na Jumapili kunavuruga saa ya mwili: Jumapili usiku usingizi hauji, Jumatatu inakuwa balaa. Deni la usingizi halilipwi kwa mkupuo.

Kinachosahaulika katika ugomvi huu ni kazi za nyumbani. Kwetu, mdogo wangu wa kiume akishiba ananawa na kwenda zake kusoma. Tofauti ya usingizi kati ya watoto hawa wawili haikutoka kwenye homoni, ilitoka kwenye masufuria. Likizo iliyopita niliomba vyombo vioshwe kwa zamu. Baba alinuna siku mbili, kisha akakubali. Binti sasa anafungua daftari mapema zaidi siku ambazo si zamu yake.

Shule nazo zina sehemu yao. Kanuni za elimu ya msingi za Kenya za mwaka 2015 zilitaka masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi. Jimbo la California, tangu Julai 2022, haliruhusu shule nyingi za sekondari ya juu kuanza kabla ya saa 2:30.

Wenzangu, tukienda mazoezi ya kufundisha tutamkuta anayesinzia kipindi cha kwanza. Kabla ya kumsimamisha, tumuulize: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na baada ya chakula cha usiku unafanya nini? Mzazi akiitwa, tumwekee majibu hayo mezani. Neno "mvivu" linaweza kusubiri.