Haki ya Nyumba na Haki ya Barza: Somo kwa Waliopata Mtoto wa Kwanza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Ndugu msomaji, suala la somo letu la leo ni hili. Mtu apatapo mtoto wake wa kwanza, je, yampasa aache mapumbao yake yote, yaani bao na mpira na barza na kwenda baharini kwa starehe, au yafaa aendelee nayo vile vile kama kwamba hapana lililobadilika?

Katika miji yetu hii, toka Msambweni hata Jego na Vanga, watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema: mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Mama yupo, nyanya yupo, mkandaji yupo. Mwanamume ana shughuli gani ndani? Lake yeye ni kuadhini sikioni na kuleta kitoweo, kisha arejee barzani. Kundi la pili lasema: pumbao lote ni upuuzi, na mtu akisha kuitwa baba asionekane tena akicheka mbele ya bao. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yameiacha njia, na sababu zake ni hizi zifuatazo.

Kwanza: pumbao lenyewe si dhambi

Dini yetu haikumtaka mtu awe kama jiwe. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Hanzala, aliyejidhania kuwa mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume (S.A.W.) moyo wake hulainika, na akirejea kwa mkewe na watoto hucheka na kusahau. Mtume alimtuliza, akamfahamisha kuwa mja ana wakati wa hili na wakati wa lile. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111 wa Miladi), ameeleza katika Ihyaa kuwa mtoto atokapo chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mwema, kwani kumzuilia mchezo daima huua moyo wake. Ikiwa haya yasemwa juu ya mtoto, basi mvuvi aliyeshinda juani na mkulima aliyeshinda na jembe nao wana haja ya kupumua.

Basi bao, pamoja na mashimo yake 32 na kete zake 64, likichezwa pasi na kamari, na lisimpitishe mtu Sala, wala lisizue matusi, sisi hatuna neno nalo hapa. Maneno yetu ni juu ya wakati linapochezwa, na ni nani anayelipa gharama ya wakati huo.

Pili: kila mwenye haki apewe haki yake

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Salman alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe hana raha wala pambo, kwa kuwa mumewe alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman alimkataza, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipomfikia Mtume aliyasadikisha maneno ya Salman.

Zingatia, ewe ndugu. Abu Dardaa hakuwa akiketi barzani. Alikuwa katika ibada! Ikiwa ibada ya sunna haikuwa udhuru wa kuisahau haki ya mke, vipi mchezo wa bao au mpira wa Ulaya katika televisheni utakuwa udhuru?

Na liko jambo lililo kubwa kuliko hilo. Imethubutu katika hadithi sahihi kuwa Mtume alikuwa akianza kusali na watu, naye ana nia ya kurefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha Sala, kwa kumhurumia mama wa mtoto yule. Na imethubutu pia kuwa alisali naye amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab; akisujudu humweka chini, na akisimama humwinua. Huyo ndiye Mtume wetu, na hiyo ndiyo Sala, nguzo ya dini. Nayo ilifupishwa kwa kilio cha mtoto. Na mmoja wetu huletewa habari kuwa mwanawe analia na mama amechoka, naye hujibu, “Ngojeni nimalize mkono huu.”

Tatu: hesabu ya saa

Tuiache hoja kidogo, tufanye hesabu. Mtoto mchanga hunyonya baina ya mara nane na mara kumi na mbili kwa mchana na usiku. Tuchukue mara kumi, na kila mara tuipe nusu saa. Hizo ni saa tano za kunyonyesha peke yake. Hapo hatujahesabu kumwosha, kufua nepi, kumbembeleza, wala kulala kwa mapande mapande, na mwili wenyewe ungali na jeraha la uzazi. Wataalamu wa afya nao wahimiza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila ya maji wala uji. Basi kazi hiyo haina wa kumpokea.

Sasa tazama saa za baba. Atoka Sala ya Alasiri huketi barzani hata Magharibi, na baada ya Isha hurejea mpaka saa nne za usiku. Hizo nazo ni saa nne au zaidi. Hatumwambii aziache zote. Twamwambia atoe mbili kati ya hizo, amchukue mtoto akisha kunyonya ili mkewe alale, na mbili zimbakie. Rafiki atakayekasirika kwa jambo hili hakuwa rafiki.

Na aliyeajiriwa, kwa mfano katika mahoteli ya Diani, ajue kuwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imempa baba likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili mkewe azaapo. Wiki mbili hizo zimetolewa kwa ajili ya nyumba. Mwenye kuzitumia barzani amekula amana.

Nne: siku arubaini na yanayodhaniwa juu yake

Watu wengi hudhani kuwa mwanamke mzazi hana Sala mpaka siku arubaini zitimie. Hili si sawa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, damu ya uzazi haina uchache wa siku zilizowekwa; aghalabu yake ni siku arubaini, na wingi wake ni siku sitini. Mwenye kutahirika siku ya ishirini lazima aoge na asali, wala asingoje arubaini.

Na kosa kubwa zaidi ni kumfungia mzazi ndani hata akiugua, kwa hoja kuwa arubaini hazijesha. Damu ikimwagika kwa wingi, au homa ikimshika, au kifafa, na vivyo hivyo mtoto akikataa ziwa, akipumua kwa kasi au mwili wake ukiwa na joto kali, basi ni hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku na pikipiki ni ya kukodi. Hapa ndipo baba aliye mbali na nyumba hujuta. Asiyekuwapo hazioni dalili, na asiyeziona hachukui hatua.

Wengine huingiwa na huzuni baada ya kuzaa: hulia bila sababu, hawalali, hata mtoto hawamtaki. Huzuni nyepesi huondoka kwa siku chache. Ikipindukia wiki mbili, hayo ni maradhi yenye dawa. Kumwambia mwanamke huyo kuwa ana pepo, na kumpigia ngoma badala ya kumpeleka kwa daktari, ni kumdhulumu. Sisi hatukanushi kuwa majini wapo; twakanusha kulifanya kila gonjwa kuwa ni jini.

Basi hii hapa faida: chanjo za wiki sita hufika siku ya 42, yaani mara tu arubaini zikesha. Siku ya mzazi kutoka nje na iwe ndiyo siku ya baba, mama na mtoto kufuatana kliniki. Desturi itakuwa imebakia, na manufaa yatakuwa yamezidi.

Tano: mama naye ana pumbao

Hili ni jambo lisilotajwa. Tumezungumza juu ya bao na barza, kama kwamba mwanamke hakuumbwa na nafsi. Naye alikuwa akisuka ukili kwa ajili ya mikeka, akishona kofia, akienda kwa shoga zake jioni. Siku aliyozaa yote hayo yalikatika kwa pamoja, na ya mumewe hayakukatika hata moja. Uadilifu u wapi?

Bibi Aisha amesimulia kuwa Mtume alisimama akimsitiri huku yeye akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, wala hakuondoka mpaka Aisha mwenyewe aliposhiba kutazama. Mume ndiye aliyesimama akangoja! Basi mpe mkeo nafasi ya ukili wake na shoga zake, nawe ubaki na mtoto. Wala usikae naye nyumbani macho yako yakiwa ndani ya simu, kwani huyo mwili wake uko nyumbani na moyo wake uko barzani.

Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja jambo la kumwachisha mtoto ziwa, akalifungamanisha na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Ikiwa hata jambo la ziwa ni la mashauri ya wawili, vipi itasemwa kuwa mtoto ni wa mama peke yake?

Khulasa

Pumbao ni kama chumvi: kidogo chake hutia ladha, na kingi chake huharibu chakula. Asiache mtu barza kabisa, wala asiihamie. Apunguze saa zake kwa muda ambao mtoto ni mchanga, amsaidie mkewe kwa mikono yake, ampe naye wakati wake wa kupumua, na aijue njia ya hospitali kabla ya siku ya haja. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na baba naye ni mzazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu wapya na watoto wao, na atuwafikishe kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.